Chombo Kilichoombewa Kirudi

Zaina mwanangu,

Salamu tutapeana kesho mlangoni, mbele ya baba mdogo wako na majirani, kwa hiyo hapa nazipita. Mambo ya kula, ya kufunga mlango na ya kutokaa barazani na watu usiowajua nayapita pia. Mama mkubwa wako huko mjini Pemba ana ulimi mrefu kuliko wangu, atakwambia yote kabla hujalitua begi. Mie nina neno moja tu la kusema na wewe, ila ni refu. Ni habari ya Ngisi, kile chombo chetu.

Alhamisi ulisema, baba mdogo wako akisikia: "Mama, kiache tu hapa nyumbani. Nimechoka kuitwa mtoto wa mama wa vingalawa." Sikujibu. Mikono yangu ilikuwa ndani ya friza ya watu, na mtu aliyeshika gesi habishani. Leo mikono iko huru.

Nianze na vingalawa vyenyewe, maana unavitaja kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

Nilipokuwa mdogo hapa Palma, siku ya Idi, watu wakishaswali na kula, watoto tulishuka kwenye kile kidimbwi kinachobaki nyuma ya fungu la mchanga maji yakipwa. Vingalawa vya mti mwepesi, tanga la mfuko wa plastiki, vinashindanishwa kutoka ukingo huu hadi ule. Hayo umeyaona hata wewe. Usiyoyaona ni kwamba enzi zetu wavulana ndio walioachia vyombo, na wasichana tulisimama ukingo wa pili kuvipokea na kuvirudisha mbio. Ndiyo ilikuwa Idi yetu. Gauni jipya limelowa mpaka kiunoni, na mkononi una chombo cha mtu mwingine unampelekea ili akiachie tena.

Mwaka mmoja nikachonga changu, kwa kisu cha kuparia magamba, nikakificha ndani ya kanga. Zamu ilipofika nikakiachia pamoja na vyao. Vyao vilikuwa tisa. Changu kilifika ukingo wa pili hivyo tisa vikiwa bado nyuma. Wale wavulana wakakaa kikao pale pale majini, wakatoa hukumu kwamba chombo changu hakihesabiwi, kwa sababu hakikuwa na mpokeaji. Na kwa nini hakikuwa na mpokeaji? Kwa sababu mpokeaji nilikuwa mie. Watu wazima walikuwepo, wakaona maneno hayo yana akili. Miaka imepita na bado sijaona akili yake. Moja mbele, tisa nyuma. Hata mbuzi angeweza kuhesabu.

Ile hasira sikuitupa. Niliifanyia kazi.

Babaako alipovuka Ruvuma kwenda Tanzania kutafuta kazi akapata mke, alituachia friza mbovu, na wewe ulikuwa bado unatambaa. Fundi akaja, akasifu chai yangu, akafungua mota akasema anakwenda nayo kuitengeneza. Mpaka leo anaitengeneza. Nikatafuta mota nyingine kwenye friza iliyotupwa, nikaifunga mwenyewe, na wanawake wa mtaa wakasimama mbali wakisubiri nilipuke. Sikulipuka. Nikauza barafu kwa wachuuzi wa samaki, kisha nikaanza kutengeneza friza za wenzangu, na sasa kuanzia hapa mpaka Olumbi anayetaka samaki wake asioze anajua nyumba yangu. Hayo unayajua na huyaonei haya. Mama fundi wa friza unamkubali. Unayemkataa ni yule mama anayekaa ufukweni na kontrole mkononi, anaongoza chombo majini. Sasa nikuambie: ni mtu mmoja, na huwezi kumchukua nusu.

Siku moja nilitumbukiza chupa ya plastiki ndani ya pipa la maji nione kama ina tundu. Ilikuwa imejaa maji, isipokuwa hewa kidogo, kama kidole kimoja, juu kwenye shingo. Haikuzama wala haikuelea. Ilisimama katikati ya pipa. Nikaigusa kwa kidole ikashuka polepole, nikaondoa mkono ikasimama tena, chini kidogo ya pale ilipokuwa. Nikaigusa tena. Wali ukaungua jikoni, wewe ukaja kunivuta kanga, na mie bado naigusa chupa. Ndivyo ilivyoanza. Hakuna aliyenifundisha, na hakuna siri nyingine.

Ngisi wa kwanza alikuwa bomba la plastiki la milimita mia na kumi, lile la maji machafu, nimelikata sentimita sitini na tatu. Piga hesabu, utapata lita sita. Ndani bateri, mota ya gari la kuchezea ya kuzungusha pangaboi dogo la nyuma, kimota kingine, na mabomba mawili makubwa ya sindano, yale yasiyo na sindano yanayolishia wagonjwa, mililita sitini kila moja. Kimota kikivuta vijiti vya mabomba maji yanaingia, chombo kinakuwa kizito, kinashuka. Kikivisukuma maji yanatoka, chombo kinapanda. Ngisi wa baharini naye huvuta maji akayatema, basi nikampa jina hilo. Uzito nikausawazisha kwa chubwi za mshipi, moja moja, mpaka akatulia kama ile chupa.

Nilimsawazisha wapi? Ndani ya pipa la maji ya kisima, nyuma ya uzio wa bafu. Masika yote nilikuwa nyuma ya bafu. Mtu akipita nilikohoa kama mtu anayeoga. Kwa nini? Kwa sababu niliona haya. Mwanamke mzima, ana mtoto, anacheza na bomba la maji machafu. Nilijisemea nitakwenda baharini nikishakuwa na uhakika, nikifika pale kisibaki hata kitu kimoja cha kuchekwa.

Alipokuwa anashuka na kupanda pipani bila kosa hata moja, nikamwendea Mwalimu Bakari, aliyenisomesha mie Kurani na wewe baadaye. Chombo hapa kwetu hakiteremshwi bila Fatiha, hata kiwe cha kubeba mtu mmoja na ndoo.

"Mwalimu, nina chombo nataka kukiteremsha."

"Cha nani?"

"Changu."

"Kikubwa?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Akaitazama mikono, kisha akanitazama mie.

"Hicho kinabeba nini?"

"Hakibebi kitu, Mwalimu. Kinazama."

Akavua miwani. "Binti yangu, miaka yote hii naombea vyombo visizame. Hiki nikiombee nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikasema la haraka lililokuja: "Kiombee kirudi."

Akaja na chetezo chake, nikapika vitumbua, na habari ikatembea kuliko nilivyotaka. Kidimbwi kilizungukwa kama siku ya Idi. Mwalimu akafukiza ubani, akaomba, tena aliomba vizuri, watu wakaitikia amina. Nikabonyeza kontrole. Mabomba yakanyonya, niliyasikia kwa masikio yangu. Ngisi akatikisika kidogo akabaki juu, mgongo mkavu, kama bata. Nikabonyeza tena. Bata.

"Kinaona haya," mtu akasema.

"Kimesahau kuvua nguo."

Kisha mzee mmoja aliyekuwa na kitumbua changu mdomoni akamgeukia Mwalimu. "Mwalimu, dua yako imezidi. Tumeomba kirudi, sasa hakitaki hata kwenda."

Mwalimu mwenyewe alichekea ndani ya mkono wa kanzu. Na baba mdogo wako Selemane, aliyekuwa hajaoa wakati huo na alijiona anajua vyombo, akaja akanipa mkono kwa adabu. "Hongera, shemeji. Umeunda boya."

Watoto wakaniita Mama Boya. Wewe ulikuwa hujaanza shule, ukauliza nyumbani kama ndilo jina langu.

Nilirudi, sikulia. Nilichota lita moja ya maji ya kisima, nikaitia kwenye mizani ya samaki: kilo moja, ukitoa chupa. Nikachota lita moja ya maji ya kidimbwi kwa chupa ile ile: kilo moja na gramu ishirini na tano. Nikakaa chini. Kila lita ya bahari ina gramu ishirini na tano zaidi, na Ngisi ni lita sita. Kwa hiyo bahari ilimnyanyua kwa gramu mia na hamsini ambazo pipa langu halikuwahi kuzijua, na mabomba yangu yote mawili yakijaa hayafiki hata mia na ishirini na moja. Asingezama hata angeombewa na mji mzima. Alihitaji chubwi sita za gramu ishirini na tano. Kicheko chote kile kilikuwa na uzito wa chubwi sita.

Watu wakisikia kisa hiki husema nilikosa elimu. Uongo. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, ila ilikuwa hesabu ya pipa. Kosa lilikuwa kujificha. Ningekwenda baharini siku ya kwanza, mchana, na chombo kibaya, wangecheka siku hiyo na mie ningejua siku hiyo. Badala yake nililinda haya yangu masika nzima, nikaitengenezea chombo kizuri sana cha kuzama nyuma ya bafu. Na kicheko hakikupungua, kilijumlishwa tu.

Hilo ndilo ninalotaka uende nalo, kwa sababu nakuona unaanza kutafuta pipa lako. Unataka kufika institutu, huko chuoni Pemba, ukae kwenye kiti kama msichana yeyote wa kurso ya umeme, usijulikane unapenda nini mpaka siku utakayokuwa na uhakika. Siku hiyo mie niliitafuta, sikuipata.

Nilimwongezea chubwi zake, nikarudi kidimbwini, safari hii peke yangu. Sikumwita Mwalimu, nilikuwa nimenuna. Akazama vizuri mno. Maji yakamfunika, na mie nikasimama pale nikihisi kama mtu aliyefungua kufuli kwa kucha. Nikambonyezea apande. Kimya. Maji ya chumvi yanaimeza redio ya kontrole. Ndani ya pipa alinisikia mpaka chini, baharini hata kina cha mkono alikuwa kiziwi. Na kiziwi yule nilikuwa nimemwachia mota inazunguka, akaenda zake kwenye mkondo. Yuko huko mpaka leo. Labda pweza amehamia na anashukuru.

Halafu ukaja mwaka wa kukimbia, mji ulipovamiwa. Huo tuliupita mkono kwa mkono, sikusimulii. Nakukumbusha tuliporudi tu. Duka langu la friza halina paa, friza zimeungua zimebaki mbavu, na ile kontrole imeyeyuka ikaganda kama sukari guru. Unaikumbuka ile siku ya kuandikishwa mahitaji? Yule dada mwenye kalamu aliniuliza, "Mama, unahitaji nini kwanza?" Nikamwambia, bomba la milimita mia na kumi. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Nikamjibu tena. Akaandika blanketi.

Blanketi tulilitumia, sikatai. Lakini bomba nililipata pia, kwenye kifusi cha nyumba ya wageni, zima, kasoro kipande kimoja cha mdomo. Watu walikuwa wanaokota mabati. Mie nikatoka na bomba begani, na najua walivyonitazama. Acha watazame. Walioniunguzia duka walitaka nibaki mtu wa kuhitaji blanketi basi. Sikukubali siku ile, sikubali leo.

Ngisi huyu wa pili si wangu peke yangu, na hapo ndipo uliponiumiza Alhamisi. Mie nilimfungia chelezo cha wavu kinachoelea juu na waya unaoshuka mpaka kwake, ili redio isikike juu ya maji. Kazi nzuri, lakini waya ukikatika tumerudi kule kule kwa kiziwi. Ulikuwa unakunywa uji. Ukasema:

"Mama, kile kidude cha kulinda friza, umeme ukirudi kinafanya nini?"

"Kinangoja kwanza, kisha kinawasha."

"Kumbe kinajua kungoja."

"Ndiyo kazi yake."

"Basi kitie ndani ya Ngisi. Asipokusikia, kingoje kidogo, kisha kiteme maji chenyewe."

Mkono wangu ulikuwa njiani na kijiko, ukasimama hapo hapo. Vidude hivyo nimefunga kwenye nyumba za watu mpaka nimesahau idadi, na sikuwahi kukiona hivyo. Wewe ulikiona na uji mdomoni. Tulipokwenda kukijaribu, ulisubiri Ngisi ashuke, ukatoa mkasi wa cherehani ukakata waya wa chelezo, makusudi, mbele ya macho yangu. Nilikupigia kelele mpaka waokota chaza wakageuka. Wewe ukaanza kuhesabu kwa sauti, taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Ulipofika ishirini na mbili mgongo wa kijivu ukatokea. Hukuruka, hukupiga makofi. Ulisema, "Ametema," ukakunja suruali ukaingia majini kumchukua. Mtoto yule hakuwa amechoka kuitwa chochote.

Kama humpendi tena Ngisi, hilo ni jambo jingine. Niambie hivyo, nitaumia, nitapona. Lakini hukusema humpendi. Ulisema umechoka kuitwa. Hizo ni hesabu mbili, usizichanganye.

Sasa nije kwa baba mdogo wako, maana kesho utakaa pembeni yake kwenye kamioneta, gari lake, njia nzima na atakuwa na muda mwingi wa kusema. Ulipotoka Alhamisi tulibaki mie na yeye.

"Shemeji, mtoto anakwenda kusoma, haendi kucheza ngoma."

"Anakwenda kusoma umeme. Humo ndani ya Ngisi unadhani mna nini, maharage?"

"Mna nyaya. Hilo ndilo ninalokwambia. Bomba lina nyaya, lina bateri, liko ndani ya begi la msichana, kwenye barabara hii, kwa askari hawa. Tukifika kizuizi cha Awasse utaniambia niwaeleze habari za ngisi?"

Hapo alisema kweli, na nilimwambia ni kweli. Baba mdogo wako ana mdomo mbaya lakini si mjinga, na alitukimbiza sisi wote kwa gari lile lile. Akaona nimelegea, akasogea. "Basi kama ni lazima, tulifiche chini ya magunia ya nazi." Nikamwambia hapo ndipo alipokosea. Anaogopa kitu sahihi, halafu anataka kukifanya kiwe kama kile anachokiogopa.

Unamkumbuka yule askari wa doria, kijana wa bara, aliyetukuta ufukweni? Aliona chelezo kinakwenda kinyume cha mkondo, akashika bunduki vizuri akaja.

"O que é isto?"

Wewe ndiye uliyetafsiri kwamba anauliza hiki ni nini. Nilifungua kizibo mbele yake, nikamwonyesha kimoja kimoja. Akauliza kinafanya nini. Ukamwambia kinazama. Halafu? Kinarudi. Akafikiri, akauliza kwa nini. Ukanigeukia mie nikupokee hilo swali, na sikuwa na jibu, si kwa Kireno wala kwa lugha yetu. Akachuchumaa, akaomba kontrole, akampeleka Ngisi moja kwa moja kwenye majani akanasa, akacheka mpaka akaketi mchangani. Alipoondoka akatuachia neno: "Mama, usitembee nacho kikiwa kimefungwa. Kifungue. Mtu akiona mpaka upande wa pili, hana cha kuogopa."

Basi ndivyo nilivyofanya. Leo mchana nimemvua Ngisi vizibo vyote viwili. Bomba liko tupu, ukilishika machoni unaona jua kutoka upande wa pili. Mabomba ya sindano, mota zote mbili na kidude cha kungoja viko kwenye bakuli la plastiki lenye kifuniko cha kuonyesha, kila kimoja mbali na mwenzake. Bateri haiendi. Bateri utapata Pemba. Bomba haliingii begini wala chini ya nazi, liko mapajani kwako. Ukiulizwa, jibu kabla baba mdogo wako hajafungua mdomo, na jibu kama ulivyomjibu yule kijana. Kinazama. Kinarudi. Wakisema libaki, liache bila ubishi, bomba si roho ya mtu, Pemba mabomba yapo. Lakini lichukuliwe kwa sababu wamekukataza, lisiachwe nyumbani kwa sababu wewe umeona haya. Tofauti hiyo najua unaiona.

Na lile swali la kwa nini, nimelikalia tangu siku ile. Wanaume wa mji huu wanacheza bao tangu alasiri mpaka magharibi, kila siku aliyoiumba Mungu, na hakuna askari, mwalimu wala shemeji aliyewahi kuwauliza kwa nini. Mwanamke akishika kitu ambacho hakipikwi wala hakivaliwi anatakiwa awe na sababu. Sina. Napenda pale maji yanapomfunika na juu hakubaki kitu, na nasimama sijui kama atarudi. Kisha najua. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa naongeza chumvi.

Zamani zetu ningekuambia usimame ukingo wa pili upokee vyombo vya watu. Ndivyo mama yangu alivyoniambia, na alinipenda. Huko uendako utakuta watu wengi wanaotafuta wa kuwapokelea vyombo vyao, wengine kwa lugha nzuri sana. Wengine watakuwa walimu. Wapokelee ukipenda, kusaidia si dhambi, lakini uwe na chako majini.

Chelezo sikukiweka kwenye bakuli. Usidhani nimesahau. Kile kilikuwa cha kunisikia mie, na huko hutanisikia kila mara, wala sitaki ukae juu juu ya maji ili unisikie. Simu nitapiga Ijumaa. Usipoipokea nitajua uko chini unafanya kazi.

Mwalimu Bakari alikuja leo baada ya alasiri, wewe ulikuwa umekwenda kuaga kwa kina Muaija. Amezeeka, alishikwa mkono mpaka hapa, lakini miwani ni ile ile. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaliona bomba limewekwa mlangoni, akalipiga kidogo kwa fimbo.

"Hili ndilo lile lililokataa kwenda?"

"Ni mdogo wake, Mwalimu. Huyu anakwenda."

Akacheka. Akainua mikono kukusomea dua ya safari, kisha akaishusha katikati, akanichungulia. "Enhe. Na huyu binti tumwombee nini? Arudi?"

Alikuwa ananitania. Kila mama wa mtaa huu, mtoto akiondoka, huomba arudi, na moyo wangu nao ulikuwa umeshafungua mdomo. Nikaufunga.

"Hapana, Mwalimu. Dua ile tulishaona inavyofanya kazi. Huyu mwombee azame."

Akaipangusa miwani kwa mkono wa kanzu.

"Na kurudi?"

"Kidude cha kurudi kimo ndani. Alikifunga mwenyewe."

Akainua mikono tena, akaomba kama nilivyosema. Nimeitikia amina, peke yangu, kwa sauti ya watu wengi.

Bomba liko mlangoni, limefunguliwa pande zote mbili. Kesho sitalitaja, wala sitakutazama mkono. Ukilibeba, limebebwa. Ukilipita, nitalifunga vizibo vyake na Jumamosi, maji yakipwa, nitashuka nalo kidimbwini mchana kweupe, na atakayetaka kucheka nitampikia vitumbua.

Mamaako,
fundi wa friza na wa vingalawa